Wahudumu wa wodi wananikimbia, na rosta naiandika mimi

Shikamoo Anti,

Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, inchaji wa wodi ya wanawake katika hospitali binafsi hapa Dar es Salaam. Jina la hospitali naomba nibaki nalo. Nasimamia wauguzi na wahudumu wa wodi, wale ambao wengine huwaita wauguzi wasaidizi. Nakuandikia kwa ajili ya hao wahudumu, maana wanaondoka mmoja mmoja na sijui nishike wapi.

Watu wakitoka hospitali humkumbuka daktari. Nesi naye akikumbukwa ni bahati. Mhudumu hakumbukwi kabisa. Lakini ukiona mgonjwa aliyepooza amelala wiki nzima na mgongo wake hauna kidonda, ujue kuna mtu amemgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, akamkausha, akamnyooshea shuka lisimkunjikie chini. Huyo ndiye mhudumu. Ndiye anayeogesha, anayelisha, anayetoa bedipani, anayekimbiza sampuli maabara na kusukuma machela kwenda eksirei. Mgonjwa akilia usiku, wa kwanza kufika kitandani ni yeye.

Nina mmoja nitamwita Mama Nasra, si jina lake. Anaishi Chanika. Mwezi uliopita tulikuwa na bibi mwenye kisukari, mkimya sana. Mama Nasra alikwenda kumlisha uji, akauweka bakuli chini akaniita: "Sista, njoo umwone bibi. Jasho linamtoka na mikono ya baridi, na leo hajanitania." Tulipopima, sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Tukaiwahi. Mashine ya kupimia ninayo mimi, lakini aliyejua kwamba bibi huyu kila asubuhi lazima atoe utani ni Mama Nasra.

Wiki iliyopita ameniletea barua ya kuacha kazi.

Nilidhani ni mshahara, nikamwambia nitamwombea nyongeza ingawa najua sina uwezo huo. Akanijibu: "Sista, wagonjwa hawanichoshi. Kinachonichosha ni kutojua kesho nitakuwa wapi na mtoto nani atamchukua." Mtoto wake ana miaka minne, anamwacha kwa jirani. Akiwa zamu ya jioni tunatoka saa 2:30 usiku, ila mpaka tukabidhiane wodi inafika saa 3. Kutoka huku Kinondoni hadi Chanika ni kubadilisha gari Buguruni, kusimama mpaka Gongo la Mboto, kisha Pugu, anafika kwake saa 5 usiku. Ikiwa kesho yake amepangiwa asubuhi, saa 1:30 anatakiwa awe amevaa sare wodini. Anaondoka nyumbani saa 10 alfajiri, na jirani anaamshwa muda huo huo kupokea mtoto. Sasa anataka kukaanga samaki jioni pale kituoni Chanika, yeye na mdogo wake.

Kabla yake, mmoja alikwenda kumhudumia mzee nyumbani kwa familia moja Mikocheni. Analipwa zaidi na analala kila usiku. Kijana wetu wa kiume amerudi kusomea mtihani wa Kemia wa kidato cha nne aukalie upya, aingie chuo cha uuguzi. Mwingine ameenda Oman kufanya kazi za ndani.

Nikilipeleka suala hili juu, naambiwa getini kumejaa watu wenye vyeti, nichukue mwingine. Ni kweli wapo. Lakini mgeni nakaa naye wiki kadhaa kabla sijathubutu kumwachia wodi usiku, na muda huo wote wale wa zamani ndio wanaobeba mzigo wake. Nao wanachoka, wanaondoka. Katika kikao cha mwisho, mmoja wa viongozi wetu alisema kazi ya hospitali ni wito, asiyekuwa na wito aende. Watu waliinamisha vichwa.

Rosta naiandika mimi. Naituma Jumapili jioni kwenye kundi la WhatsApp kwa ajili ya wiki inayoanza Jumatatu, kwa sababu kila mara nasubiri kujua nani yupo na nani ameacha. Mtu akiugua, nampigia aliye ofu. Mama Nasra hajawahi kukataa, kwa hiyo humpigia yeye kwanza. Kuna siku mtu anaunganisha jioni na usiku. Malipo ya ziada hakuna, tunaambiwa watafidiwa siku za kupumzika, na siku hizo hazifiki. Nikikosa mtu kabisa naingia mwenyewe. Mume wangu ameanza kuniuliza kama nina kitanda changu huko.

Anti, nimzuie Mama Nasra? Na wale waliobaki nitawashikaje wakati mshahara siupangi mimi? Je, kuna sheria inayosema lolote juu ya haya, au ndiyo kazi ya hospitali ilivyo?

Inchaji, Kinondoni

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole na kazi, na asante kwa kuwaandikia watu ambao si rahisi kuandikiwa.

Maneno yaliyonishika katika barua yako ni ya Mama Nasra: hajui kesho atakuwa wapi na mtoto nani atamchukua. Yaweke mbele yako, kwa sababu amekupa jibu ambalo uongozi wako haujalisikia. Mtu anayeacha mshahara wa mwezi akaenda kukaanga samaki hakufuata fedha nyingi. Samaki wana siku za kuoza, na kituoni hakuna NSSF wala likizo. Anachokifuata Chanika ni kuijua jioni yake. Yule wa Mikocheni umesema mwenyewe: analala kila usiku. Sisemi mshahara si tatizo. Mishahara ya wahudumu ni midogo, na anayewaambia wavumilie hajapanda gari mbili kwenda kazini kwa mshahara huo. Ila mshahara hauko mikononi mwako, na rosta iko mikononi mwako. Nitaanza hapo, halafu nije kwa wakubwa wako.

Umeuliza kama sheria inasema lolote. Inasema mengi, na inashangaza hospitali ngapi zinaendeshwa kana kwamba haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawahusu wahudumu wako kama inavyomhusu karani wa benki. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Hata yakiwepo makubaliano na saa za ziada, hakuna mfanyakazi anayeruhusiwa kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Sasa piga hesabu ya yule anayeunganisha jioni na usiku. Anaingia saa 8:30 mchana, anatoka saa 1:30 asubuhi. Hizo ni saa 17. Hapo hakuna cha kujadili wala cha kufidia, ni marufuku, na mgonjwa anayegeuzwa saa 11 alfajiri na mtu wa hali hiyo naye yuko hatarini.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hukuliona, maana limejificha kwenye ratiba inayoonekana ya kawaida kabisa. Sheria inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Jioni yenu inaisha saa 2:30 usiku, asubuhi yenu inaanza saa 1:30. Ni saa 11. Kwa maneno mengine, hata asingechelewa kukabidhi, hata angeishi mtaa wa pili kutoka hospitalini, jioni inayofuatwa na asubuhi inamnyima haki yake. Ongeza foleni ya Buguruni na ile safari ya Pugu, uone anabaki na usingizi wa saa ngapi kabla ya kumwamsha mtoto saa 10 alfajiri. Huo mpangilio ufute kwenye rosta yako kuanzia sasa, kwa kila mtu, awe wa Chanika au wa Magomeni. Huhitaji kibali cha bodi.

Zamu ya usiku nayo ina mambo yake. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi sheria inauita usiku, na kila saa iliyofanyiwa kazi humo ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Ni hela ndogo, lakini kwa naiti moja ya kwenu inagusa saa 9 na nusu, na mwisho wa mwezi ni nauli ya mtu. Tazama kama inaonekana kwenye hati za mishahara. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu hulipwa mara mbili. Hiyo ahadi ya kwamba watafidiwa siku, bila maandishi na bila tarehe, si malipo. Naiti yenu ya saa 11 inavuka zile 9 za kawaida, kwa hiyo inahitaji makubaliano ya maandishi ya kubana wiki ya kazi, yaani saa nyingi kwa siku chache, ama sivyo zile 2 za juu ni saa za ziada. Naiti 4 ni saa 44, zinaingia ndani ya 45. Ya 5 inavuka. Ukiwa na kalamu mkononi kumbuka hiyo 4.

Wajawazito wasipangiwe usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, na wakirudi kazini wakiwa wananyonyesha wana haki ya hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Nayasema haya kwa sababu wengi wa wahudumu ni wanawake wa umri huo, na naamini wapo wanaoacha kazi kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Sasa rosta yenyewe. Jumapili jioni kwa ajili ya Jumatatu asubuhi haifai, mdogo wangu. Mama mwenye mtoto hawezi kupanga na jirani kwa saa chache namna hiyo, na jirani akichoka ndipo kazi inapoisha. Najua umesema unasubiri kujua nani yupo. Lakini angalia mzunguko wake: watu wanaondoka kwa sababu hawajui ratiba, nawe huwapi ratiba kwa sababu wanaondoka. Mmoja lazima aanze, na ni wewe. Andika wiki 4, ibandike ukutani wiki 2 kabla haijaanza, hata kama ina mapengo. Yaache mapengo yaonekane. Pengo lililoandikwa ukutani tangu tarehe 15 ni tatizo la hospitali nzima, na metroni, mkuu wa wauguzi wote, atalipita kila siku. Pengo unaloligundua saa 12 jioni ni lako peke yako, na dawa yake inakuwa simu kwa Mama Nasra.

Hili halijaanza leo wala si la kwetu tu. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo Na. 157 mwaka 1977 juu ya wafanyakazi wa uuguzi, likiwajumuisha wote wanaotoa huduma ya uuguzi, wasaidizi wakiwemo. Humo limesema wapewe taarifa ya ratiba mapema kiasi cha kuweza kupanga maisha yao binafsi na ya familia, na ratiba isivunjwe ila kwa dharura ya pekee. Mtu kuugua mafua Jumanne si dharura ya pekee. Wodi yenye watu itaugulisha mtu kila wiki, kwa hiyo ugonjwa uingize kwenye ratiba tangu mwanzo: kila siku awepo mmoja aliyeandikwa wa akiba, anayejua kwamba leo ndiye anaweza kuitwa, na zamu hiyo ya akiba izunguke kwa haki. Aliye ofu na hayuko kwenye akiba, simu yake iache ipumzike naye.

Kabla ya kupanga, waulize. Kaa nao nusu saa, daftari mkononi, kila mmoja akuambie anaishi wapi, anamwacha mtoto kwa nani, saa ngapi gari la kwao linakuwa gumu. Utashangaa. Watu hudhani naiti ndiyo mbaya kuliko zote, kumbe kwa mtu wa Chanika, Chamazi au Bunju mara nyingi mbaya ni jioni, kwa sababu anatoka usiku na magari yamepungua, na akikosa daladala anapanda bodaboda kwa hela ambayo ni sehemu kubwa ya alichoingiza siku hiyo. Naiti anakuja magari yapo, anarudi asubuhi magari yapo, tena kwa kwenda kinyume na foleni. Mwingine mwenye mama mkwe nyumbani atakuomba naiti 4 mfululizo kisha mapumziko ya kueleweka, akafanye biashara yake mchana. Mwingine hawezi naiti hata moja kwa kuwa hakuna wa kulala na mtoto. Huwezi kumpa kila mtu anachotaka, na uwaambie hivyo hivyo. Ila mtu aliyeulizwa akakosa, na anajua mwezi ujao ni zamu yake kupata, habebi moyoni kama yule ambaye hakuulizwa. Waruhusu pia kubadilishana zamu wenyewe kwa wenyewe, mradi waandike na wewe usaini, na zile saa 12 za kupumzika zisiguswe.

Na huyu asiyekataa, acha kumpigia kwanza. Nakuambia kwa upendo. Katika kila wodi kuna Mama Nasra, na kila wodi inammaliza yeye kabla ya wengine, kwa sababu wema wake ndio njia rahisi ya kuziba pengo. Msimamizi hamchukii, anampenda sana, na bado anampoteza.

Tuje kwa wakubwa. Hoja ya kwamba getini kumejaa watu usiijibu kwa huruma, ijibu kwa daftari. Kwa kila aliyeondoka, andika alikaa muda gani, ameondoka kwa sababu gani aliyoitaja mwenyewe, ilichukua muda gani kumpata mwingine, na wiki ngapi mgeni alikuwa hawezi kuachiwa wodi. Andika vidonda vya mgongo vilivyotokea kipindi hicho. Andika waliojichoma sindano. Hapo pana jambo ambalo meneja wa utumishi pengine hajawahi kulifikiria: chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa dozi 3, na ya mwisho hufika mwezi wa sita tangu ya kwanza. Hospitali ambayo wahudumu wake wanaondoka mwezi wa tatu au wa nne tangu waajiriwe ina watu wanaobeba taka zenye damu bila kinga kamili, kila mwaka, kizazi baada ya kizazi. Mgeni ndiye anayekuta sindano kwenye mfuko wa taka badala ya boksi lake, na ndiye asiyejua kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Hayo yana gharama, na yakiandikwa kwa tarehe yanasomeka hata kwa mtu anayetazama hela tu.

Ukitaka ushahidi wa nje, upo utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliohoji wauguzi 31,627 wa hospitali za nchi 12 za Ulaya. Waliofanya zamu za saa 12 au zaidi walikuwa na uchovu mkubwa zaidi wa kazi, waliridhika kidogo zaidi, na wengi zaidi walikuwa na nia ya kuacha kuliko wenye zamu fupi. Hao ni wauguzi wenye usajili, tena wa Ulaya, hawaendi Chanika. Lakini mwili ni ule ule.

Ombi lako kwa uongozi liwe dogo na la wazi. Mimi ningeomba mambo mawili tu kwanza: nyongeza ya usiku na saa za ziada zilipwe kama sheria inavyotaka, na wanaotoka zamu ya jioni wapate usafiri wa hospitali hadi vituo vikubwa kama Buguruni na Mbagala Rangi Tatu. Gari la hospitali linalolala uani usiku lipo, si la kununua. Nenda na mainchaji wenzako wa wodi nyingine, usiende peke yako, na yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Wahudumu nao wana haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na sekta ya afya ina TUGHE. Uongozi ukikataa kabisa kulipa, kuna ofisa kazi, na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya aina hii yanatakiwa yafikishwe Tume ndani ya siku 60, kwa hiyo wasikae nayo moyoni miaka. Sikutumi ukaanzishe vita. Nakuambia ili ujue kuwa unachokiomba si hisani.

Kuhusu wito. Mimi naamini wito upo. Mtu anayemsafisha mgonjwa asiyemfahamu saa 9 usiku, kwa mikono taratibu, akimwambia "samahani mama, nageuza kidogo", huyo ana wito na hakuna mshahara unaoweza kuununua. Ndiyo maana inaniuma unapotumiwa kumnyamazisha asiulize saa zake. Wito ni wa mtu mwenyewe, mwajiri hana hati yake. Wajibu wa mwajiri ni kulipa, kupumzisha na kulinda, na kiongozi aliyesema yale kikaoni alikuwa anazungumzia wajibu wa wengine ili asiulizwe wa kwake. Wale walioinamisha vichwa wanastahili kusikia kutoka kwako, mbele ya wodi, kwamba hukukubaliana naye.

Sasa Mama Nasra. Usimzuie, na usimlilie. Kaa naye ukiwa na rosta mpya imeandikwa tayari, umwonyeshe: hakuna jioni inayofuatwa na asubuhi, wiki 4 ziko wazi, ofu yake ni ofu. Muulize kama kwa ratiba hiyo angebaki, halafu mwache akafikirie, asijibu hapo hapo kwa aibu ya kukukatalia. Akisema bado anaondoka, mheshimu. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28. Hakikisha analipwa likizo ambayo hakuichukua, anapewa cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake kisheria, na michango yake ya NSSF aione imewekwa mpaka mwezi wa mwisho. Mwandikie na barua nzuri ya mkono wako, ukitaja lile la bibi wa kisukari. Hospitali ikija kumhitaji tena, au akichoka na moshi wa samaki, awe na mlango wa kurudia.

Yule kijana wa Kemia nisingemhesabu kama hasara. Stashahada ya uuguzi inadai ufaulu wa masomo ya sayansi kidato cha nne, Kemia ikiwemo, na wapo wahudumu wengi ambao kilichowasimamisha ni somo moja tu. Mpigie. Muulize kama anaweza kushika zamu za mwisho wa wiki kwa mkataba wa maandishi huku akisoma. Na waliobaki waambie mapema kwamba anayetaka kurudia mtihani utampangia rosta ya kumwezesha kwenda darasani jioni. Utampoteza baada ya mwaka au miwili, ni kweli, lakini utakuwa umekaa naye muda wote huo, na kuna uwezekano akarudi kwenu akiwa muuguzi anayejua kazi ya mhudumu kwa mikono yake.

Mwisho ni nyumbani kwako. Mumeo ameuliza swali la mtu anayekukosa, usimjibu kama mtu anayekulaumu. Mwambie unafanya nini na kwa nini, na umpe tarehe ambazo hutaingia wodini hata litokee nini. Wewe pia una siku 28 za likizo kwa mwaka, na nina wasiwasi huzichukui. Zichukue, na ziandike kwenye hiyo rosta ya wiki 4 kama za mtu mwingine yeyote, wahudumu wazione. Pengo litakaloachwa na inchaji lizibwe na metroni.

Niandikie Mama Nasra akishajibu. Nataka kujua.

Anti